Kitanda Usichokilalia: Machozi ya Mtu Mzima Mbele ya Vibonzo katika Filamu ya Up

Utangulizi

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kumsikia mtu akisema, "Hizo ni katuni tu, waachie watoto." Huenda hata wewe umewahi kuitamka kauli hiyo sebuleni, kisha ukanyanyuka kwenda kusahihisha madaftari huku watoto wakibaki wameikodolea macho runinga. Mimi nimeitamka mara nyingi. Kauli hiyo ni ndugu wa ile tunayoisikia katika vyumba vya walimu, kwamba ngano ni hadithi za watoto, zina sungura na fisi na funzo moja mwishoni, kwa hivyo mwalimu aziguse upesi upesi ili apate nafasi ya kuingia katika riwaya na tamthilia ambako, eti, ndiko kwenye fasihi yenyewe.

Makala haya yanakusudia kuzipinga kauli hizo mbili kwa pamoja, na chombo tutakachokitumia ni filamu ya vibonzo iitwayo Up, iliyotolewa mwaka wa 2009 na kampuni ya Pixar ya Marekani chini ya uongozaji wa Pete Docter. Filamu hii ilikuwa ya kwanza ya vibonzo kuwahi kufungua tamasha la filamu la Cannes nchini Ufaransa, na mwaka uliofuata ikatunukiwa tuzo mbili za Oscar, moja ya filamu bora ya vibonzo na nyingine ya muziki. Hata hivyo, si tuzo zilizonifanya niichague. Niliichagua kwa sababu ya jambo ambalo wazazi na walimu wengi wamelishuhudia: mtu mzima anaketi kuwatazamisha watoto filamu, watoto wanacheka, naye anajikuta akipangusa machozi na kusingizia vumbi. Je, ni nini hasa kinachomliza?

Jibu la haraka ni kwamba watunzi wamewafichia watu wazima ujumbe ambao watoto hawauoni. Jibu hilo, kwa maoni yangu, si sahihi. Katika filamu hii hakuna kilichofichwa. Yote yako wazi, na mtoto wa miaka sita anaweza kukusimulia kila tukio. Kinachotofautiana ni kile ambacho kila mtazamaji anakuja nacho. Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Muhtasari wa Filamu

Carl ni mvulana mnyamavu apendaye habari za wasafiri na wavumbuzi. Anakutana na Ellie, msichana mchangamfu asemaye bila kituo, ambaye ndoto yake ni kuhamia kando ya maporomoko ya maji yaitwayo Paradise Falls huko Amerika Kusini. Ellie ana kitabu chake cha safari. Nusu ya mwisho ya kitabu hicho ameiacha bila kitu, akisema ni kwa ajili ya mambo atakayoyafanya. Wanakua, wanaoana, wanazeeka, na Ellie anafariki kabla ya safari hiyo kufanyika.

Carl, akiwa mzee wa miaka 78, anaishi peke yake katika nyumba waliyoitengeneza pamoja huku majengo makubwa yakichipuka pande zote. Baada ya kumjeruhi mfanyakazi mmoja wa ujenzi, mahakama inaamuru apelekwe katika makao ya wazee. Badala ya kwenda huko, anafunga maelfu ya maputo kwenye nyumba yake, nayo inapaa kuelekea Paradise Falls. Kwa sadfa, mvulana wa miaka minane aitwaye Russell, ambaye anatafuta beji ya kumsaidia mzee, yumo barazani. Huko waendako wanakutana na ndege mkubwa wa rangi nyingi, mbwa avaaye ukosi unaotafsiri fikra zake kwa maneno, na Muntz, yule mvumbuzi ambaye Carl alimtukuza utotoni, ambaye sasa ni mtu katili.

Kimya kama Mbinu

Sehemu inayowaliza watu huja mapema, kabla ya nyumba kupaa. Ni mfululizo wa picha wa takriban dakika nne unaosimulia ndoa yote ya Carl na Ellie tangu harusi hadi mazishi, bila mhusika kutamka neno. Zingatia jambo hili, mtahiniwa: Ellie tuliyemjua utotoni ni msemaji asiyekoma. Ellie akiwa mtu mzima hatumsikii akisema hata neno moja. Mtunzi ametupa sauti yake kwanza, kisha akaiondoa, na sisi tukabaki tukiitafuta. Carl naye ataishi miaka iliyosalia katika hali hiyo hiyo. Kwa hivyo kimya hapa hakikutumiwa kwa ajili ya urembo. Kinatuweka katika nafasi ya mjane kabla hata hajawa mjane.

Mfano mzuri zaidi ni tukio la mtoto. Wawili hao wamelala juu ya kilima wakitazama mawingu, na mawingu yanaanza kuchukua umbo la watoto wachanga. Katika picha inayofuata wanakipamba chumba cha mtoto. Inayofuata baada ya hiyo, tuko katika chumba cha daktari: Ellie ameinama akilia, Carl amesimama karibu naye. Basi. Hakuna anayetaja mimba iliyoharibika wala utasa. Mtoto anayetazama anajua kwamba jambo baya limetokea na kwamba mama yule ana huzuni, na hilo linamtosha kuendelea na hadithi. Mtu aliyewahi kuketi katika chumba kama kile hahitaji kuelezwa zaidi. Laiti daktari angepewa sentensi moja tu ya kueleza, tukio lingekuwa taarifa. Sasa ni pengo, na kila mtu analijaza kwa alichonacho.

Muziki wa Michael Giacchino unafanya kazi ambayo sisi katika fasihi simulizi tunaijua vyema: kazi ya kiitikio. Wimbo ni uleule. Mara ya kwanza unachezwa kwa haraka na furaha, kisha unarudi polepole, na hatimaye unasalia kwenye piano peke yake. Fanani wa ngano hufanya vivyo hivyo. Wimbo anaouimba mhusika akienda mtoni huimbwa tena akiwa hatarini, na tena baada ya kupotea. Maneno hayabadiliki, bali uzito wake. Mwanafunzi anayeandika tu kwamba "wimbo katika ngano huondoa uchovu na kuishirikisha hadhira" amesema kweli, lakini hajasema yote.

Vitu Vinavyobeba Maisha

Mbinu ya pili ni taashira. Nitataja vitu vinne.

Kwanza, gudulia la akiba. Carl na Ellie wanaweka sarafu za safari katika gudulia la kioo. Gurudumu la gari linapasuka, gudulia linavunjwa. Carl anavunjika mguu, linavunjwa tena. Mti unaangukia paa, vivyo hivyo. Watoto hucheka kuona nyundo ikishuka mara tatu, na wana haki ya kucheka kwa sababu takriri hiyo imepangwa kwa ucheshi. Lakini mtu mzima aliyewahi kuweka pesa za kiwanja, kisha zikaenda kwa karo, kisha kwa hospitali, anajua kwamba hivyo ndivyo miaka inavyopita. Hakuna adui aliyewazuia kusafiri. Walizuiwa na mambo ya kawaida.

Pili, puto. Utotoni Carl akiwa kitandani na mkono uliovunjika, puto linaingia dirishani, na nyuma yake Ellie. Miaka mingi baadaye Ellie ndiye aliye kitandani hospitalini, puto linaelea hadi kwake, na nyuma yake anaingia Carl. Hii ni takriri ya tukio. Haielezwi popote, nayo ndiyo inayotuambia kuwa wawili hawa wamekumbuka kila kitu.

Tatu, sanduku la barua. Walipokuwa vijana waliliandika majina yao, na viganja vyao wawili vikabaki alama katika rangi. Miaka baadaye mashine ya ujenzi inaligonga, na mfanyakazi, kwa nia njema kabisa, anajaribu kulirekebisha. Carl anang'ang'ana naye na kumpiga kwa mkongojo hadi damu inamtoka. Majirani wanaona kizee mkorofi. Mahakama inaona mtu hatari. Sisi tuliokuwapo viganja vilipowekwa tunajua mgeni yule ameshika nini. Hapa pana kinaya kikali: wahusika wote wanaona ukweli mmoja, hadhira inaona mwingine, na hakuna kati yao aliyekosea kabisa, kwani mfanyakazi yule ameumia kwelikweli.

Nne, kitabu cha safari. Carl anaamini kwamba kurasa za mwisho ni tupu, yaani alimnyima mkewe ndoto yake. Hatia hiyo ndiyo inayoirusha nyumba angani. Anapofika kando ya maporomoko, ameketi peke yake kwenye kiti chake, anakifungua tena na kugundua kwamba Ellie alikuwa amekwisha kuzijaza kurasa hizo. Amezijaza kwa picha za ndoa yao: harusi, matembezi, viti viwili vilivyokaa bega kwa bega. Mwishoni ameandika maneno machache ya kumshukuru na kumwambia akaanze safari nyingine. Mbinu hii ya urejeshi inabadilisha maana ya yote tuliyoyaona. Safari tuliyodhani haikufanyika ilikuwa imefanyika, na Ellie alijua.

Anachofanya Carl baada ya hapo ndicho kitendo muhimu zaidi katika ploti. Russell ameondoka peke yake kwenda kumwokoa yule ndege, na nyumba imekuwa nzito mno kuruka. Carl anaanza kuvitupa nje vyombo vyote alivyovilinda. Viti viwili vinabaki kando ya maporomoko, bega kwa bega, na nyumba inapaa.

Kile Anachokijua Mtoto

Ingekuwa makosa kuhitimisha kwamba filamu ni mbili, moja ya wakubwa na nyingine ya wadogo. Tazama Russell. Ana beji nyingi, amekosa moja, na baba yake haonekani. Anamsimulia Carl jinsi alivyokuwa akiketi na babake kando ya barabara nje ya duka la aiskrimu wakihesabu magari, mmoja mekundu na mwingine samawati, na jinsi mambo hayo madogo ndiyo anayoyakumbuka zaidi. Hii ndiyo hoja ileile ya kitabu cha Ellie, ikitoka katika kinywa cha mtoto, tena mapema kabla Carl hajaifahamu. Mwisho wa filamu Carl anasimama mahali ambapo baba alipaswa kusimama, anambandika Russell kifuniko cha chupa ya soda ambacho Ellie alimbandika yeye utotoni kama beji, kisha wanaketi nje ya duka lile wakihesabu magari.

Mtoto ambaye baba yake haji siku ya kutoa zawadi shuleni haihitaji miaka 40 ili aielewe sehemu hiyo.

Je, Huku si Kukamua Machozi tu?

Mhakiki makini atauliza: kifo cha mke na muziki wa piano si njia rahisi ya kumliza mtu yeyote? Swali ni la haki. Zipo kazi zinazomuua mhusika ili tu hadhira ilie, nasi tunazifahamu katika insha za wanafunzi wetu, ambamo mama hufariki katika aya ya pili kwa sababu mwandishi amekosa la kusema.

Kipimo ninachokipendekeza ni hiki: je, kazi inakihitaji kilio hicho ili isonge mbele? Ukiziondoa zile dakika nne, Up inaporomoka. Hutaelewa kwa nini mzee anapigania sanduku, kwa nini anazungumza na nyumba kana kwamba ni mtu, wala kwa nini kutupa kiti nje ni ushujaa. Kilio kile ni deni ambalo filamu inalilipa kwa zaidi ya saa nzima. Isitoshe, haikomei kwenye huzuni. Inamwonyesha mfiwa kwamba uaminifu kwa marehemu unaweza kugeuka kuwa mzigo, na kwamba Muntz, aliyeshikilia tamaa moja maisha yake yote hadi akawa katili, ndivyo Carl angekuwa. Kuna onyo ndani ya machozi yale.

Mbinu Hizi si Ngeni Kwetu

Filamu nyingine za vibonzo zimefanya kazi ya namna hii. Katika The Lion King ya mwaka 1994, ambayo majina yake mengi yametoka katika Kiswahili, Simba anajikunyata chini ya mkono wa baba yake aliyekanyagwa na nyumbu. Watoto wengi humwogopa Scar katika tukio hilo. Mzazi hutazama mkono usioweza kukumbatia tena. Katika Finding Nemo ya mwaka 2003, samaki dume anampoteza mkewe na mayai yote isipokuwa moja. Mtoto anamwona baba mkali anayekataza kila kitu, na mtu aliyewahi kuzika mwana anajua kile kinachozungumza ndani ya makatazo hayo.

Hata hivyo, hatuhitaji kwenda Marekani. Kumbuka mighani ya Fumo Liyongo tunayoifunza kila mwaka. Mtoto hufurahia nguvu za shujaa na siri ya sindano ya shaba. Mara nyingi sisi huishia hapo, tukaorodhesha sifa za mighani na kufunga daftari. Lakini waza kuhusu yule aliyechomwa kitovuni na mwanawe mwenyewe, akatwaa uta wake, akapiga goti kisimani na kufa katika hali hiyo, watu wakaogopa kwenda kuteka maji kwa kudhani yu hai. Waza pia kuhusu mama yake aliyeitwa ili amtulize. Hakuna neno linaloeleza uchungu wa mama yule kuliko picha ya mtu aliyekufa ambaye bado wanamwogopa. Huo ni msuko uleule: kitendo kilicho wazi kwa mtoto, na pengo linalomngoja mtu mzima.

Niliposahihishwa Darasani

Sasa sina budi kukiri kosa langu. Mwisho wa muhula mmoja niliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha pili filamu hii katika bwalo la shule. Zile dakika nne zilipopita walikuwa wakikohoa na kunong'ona wakingoja mambo yachangamke. Nikawaambia kwa sauti ya mwalimu, "Sehemu hii mtaielewa mkiwa watu wazima." Kesho yake nikawapa kazi: eleza kitu kimoja katika filamu kinachosimama badala ya mhusika.

Wengi waliandika kuhusu maputo. Mvulana mmoja, ambaye huketi nyuma na hainui mkono, aliandika kuhusu sanduku la barua. Alieleza kuwa nyumbani kwao kuna jembe ambalo mpini wake umelika mahali ambapo babu yake alizoea kulishika. Babu alipofariki, ami alitia mpini mpya, na nyanya akagomba kutwa nzima hadi watu wakasema uzee umemharibu akili. Mwanafunzi huyo naye, kwa maandishi yake, alikuwa amesema hivyo hivyo. Aliandika kwamba alipomwona Carl akiinua mkongojo ndipo alipomwelewa nyanya yake, na kwamba ule mpini wa zamani alikwenda kuutafuta kwenye kuni lakini haukuwapo tena.

Nilimpa alama 17 kati ya 20. Tatu nilizipunguza kwa ajili ya tahajia, na hadi leo natamani nisingezigusa. Alikuwa na umri wa miaka 15. Mimi ndiye niliyedhani kwamba mlango ule hufunguliwa kwa umri, kumbe hufunguliwa na msiba, na madarasa yetu yamejaa watoto ambao msiba ulibisha kwao mapema. Tunapowaambia kwamba ngano ni za watoto na kwamba huzuni ni ya riwaya za kidato cha tatu, tunawaambia watoto hao kwamba wanalolijua halimo katika fasihi.

Hitimisho

Mwalimu mwenzangu, sikushauri uache vitabu vilivyoteuliwa ili utazame vibonzo. Mtahiniwa naye ajue kuwa katika karatasi ya fasihi ataulizwa kuhusu vitabu hivyo na fasihi simulizi, na jina la filamu hii halitamletea alama. Ninachopendekeza ni zoezi la macho. Utakapofunza ngano au hadithi fupi, usiulize tu "hadithi hii inatufunza nini?" Uliza pia ni kitu gani kinachorudi zaidi ya mara moja na kimebadilika vipi kinaporudi, na ni wapi msimulizi amenyamaza. Kisha mpe mwanafunzi muda wa kujibu, hata yule wa nyuma.

Maswali ya Kudurusu

1. Chagua ngano moja yenye wimbo. Onyesha jinsi maana ya wimbo huo inavyobadilika kila unaporudiwa.

2. "Taashira bora huanza kama kitu cha kawaida." Jadili kwa kurejelea hadithi fupi yoyote uliyoisoma.

3. Eleza tofauti kati ya huzuni inayoendeleza ploti na huzuni inayotiwa ili kuiliza hadhira tu.

4. Simulia upya kifo cha Fumo Liyongo kwa mtazamo wa mama yake. Usitumie maneno "huzuni", "uchungu" wala "majonzi".